Mtoto Asiyeitikia Akiitwa Hajalala

Safu ya ushauri: afya ya mtoto

Muganga mpendwa,

Ninakuandikia kutoka Kadutu, hapa Bukavu, kuhusu jambo ambalo limekaa moyoni mwangu mwezi mzima na ambalo sijapata mtu wa kunieleza bila haraka.

Likizo iliyopita mwanangu wa pili, mvulana wa miaka minne, alikwenda kukaa majuma matatu kwa wazazi wangu huko Uvira. Alirudi mzima, akiimba wimbo aliofundishwa na binamu zake. Siku ya tano tangu arudi alishikwa na homa. Nilimpa parasetamoli nikidhani ni mafua ya baridi yetu ya milimani. Siku ile nzima alikataa chakula. Hata uji wa soya anaoupenda aliusukuma kwa mkono. Jioni, yapata saa moja, macho yake yaligeuka, mwili ukakakamaa, kisha mikono na miguu ikaanza kurukaruka. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, alimtia kijiko katikati ya meno. Jirani akamsugua kitunguu puani. Mimi nikammwagia maji baridi. Baada ya muda ambao sikuupima, hali ile ilikoma, akalala. Tulimshukuru Mungu, na wote waliokuwemo wakasema aachwe apumzike.

Saa sita usiku nilijaribu kumnywesha maji kwa kikombe. Yalimtoka pembeni mwa mdomo, akakohoa. Nikajiambia bado ni usingizi. Saa kumi alfajiri niliwasha taa ya simu nikamtazama: macho yalikuwa wazi nusu, yakikodolea mahali ambapo hapakuwa na kitu, na alikuwa akisaga meno. Nilimwita kwa jina lake, nikamwita kwa jina la utani ambalo humchekesha kila mara, hakugeuka. Nilimfunga mgongoni kwa kitenge tukapanda pikipiki. Kwenye kituo cha kwanza nilisema mtoto ana homa, nikaambiwa tulipie fishi, yaani kadi ya mgonjwa, kwanza; mume wangu alirudi kutafuta pesa, na karibu nusu saa ilipita nikiwa kwenye benchi.

Hospitalini tulikokwenda baadaye, muuguzi alifanya kitendo ambacho mpaka leo kinaniuma. Alichukua penseli akaikandamiza kwa nguvu juu ya ukucha wa kidole cha mwanangu. Mtoto alivuta mkono kidogo, akaguna tu, hakulia. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Muuguzi hakunijibu, aliandika namba kwenye karatasi, akamtoboa kidole kingine, akatamka « ishirini na nane », na hapo wote wakaanza kukimbia. Wakamwekea seromu ya sukari na sindano za malaria. Daktari alitaka pia kumchoma sindano ya mgongo, lakini mume wangu alikataa kwa sababu mtoto wa ndugu yake alifariki siku moja baada ya kuchomwa sindano hiyo. Walimpa antibiotiki kwa siku zote kumi tulizokaa pale. Alifungua macho na kunitazama jioni ya siku ya pili.

Sasa yuko nyumbani, anakula, anakimbia. Lakini nikimwita akiwa amenipa mgongo, mara nyingi hageuki, anakasirika upesi, na ule wimbo wa Uvira hauimbi tena. Mama mkwe anasema kilichomshika hakikuwa malaria bali mapepo, na anataka tumpeleke kwenye maombi ya kufunga siku tatu. Nakuomba unijibu: ningetambuaje kwamba halikuwa usingizi? Je, tuliyoyafanya nyumbani yalimdhuru? Mume wangu alikosea kuikataa ile sindano? Na je, akili ya mwanangu itarudi?

Mama wa Kadutu

Jibu

Mama mpendwa,

Pole sana, na asante kwa kuandika kila kitu kwa utaratibu kiasi kwamba naweza kumwona mtoto kana kwamba niko naye chumbani. Nitaanza na penseli, ingawa hukuiweka miongoni mwa maswali yako manne, kwa sababu jibu la swali lako la kwanza limefichwa humo.

Yule muuguzi alikuwa akimuuliza mwanao swali kwa njia pekee iliyokuwa imebaki. Mtu anayepokea mtoto mgonjwa hujiuliza kwanza, je, yuko macho? Kama sivyo, je, anaitikia sauti? Kama haitikii sauti, je, anaitikia maumivu? Na kama haitikii maumivu, basi haitikii chochote, na kila dakika ina thamani. Ngazi hizo nne mtu yeyote anaweza kuzishika kichwani. Kuna kipimo kingine chenye namba, kinachotumiwa sana kwa watoto wadogo wa Afrika, kinachoitwa kipimo cha Blantyre kwa sababu kilitengenezwa katika mji wa Blantyre nchini Malawi na kuchapishwa mwaka 1989. Kipimo cha zamani zaidi, kile cha Glasgow cha mwaka 1974, humtaka mgonjwa azungumze, aeleze alipo, atii maagizo. Mtoto ambaye hajajua kusema vizuri hawezi kupimwa kwa namna hiyo kwa haki. Kipimo cha Blantyre hutazama mambo matatu tu. Macho yakifuata uso wa mama, alama moja. Kilio kikiwa kilio cha kweli cha mtoto aliyeumizwa, alama mbili, akiguna au akilia kwa sauti isiyo ya kawaida, moja, akinyamaza, sifuri. Mkono ukienda mahali panapouma ili kuondoa kinachouma, alama mbili, ukivutwa tu, moja, usiposogea, sifuri. Mtoto mzima hupata tano. Sasa soma tena barua yako: macho yalikodolea mahali pasipo na kitu, sifuri, aliguna, moja, alivuta mkono, moja. Mwanao alikuwa na alama mbili, na mtoto mwenye alama mbili au pungufu yuko katika koma, yaani amepoteza fahamu. Hiyo ndiyo namba iliyoandikwa kwenye karatasi. Kosa la muuguzi ni kwamba hakukwambia, kabla ya kukandamiza, « Mama, nitamuumiza kidogo ili nijue yuko umbali gani na sisi. » Sentensi hiyo ingechukua pumzi moja, na ulistahili kuisikia.

Nyumbani huhitaji penseli. Unayo sauti yako, na unayo elimu ambayo hakuna muuguzi aliyenayo, nayo ni kujua mwanao huwaje siku zote. Mtoto aliyelala, hata awe amechoka namna gani, ukimwita karibu na sikio, ukimpangusa uso, ukimkalisha na kumtikisa bega kwa upole, atakunja uso, atasukuma mkono wako, atalalamika, atafungua macho na kukutazama wewe, si ukuta. Anaweza kulala tena papo hapo, lakini kwa kitambo hicho amekutambua. Asipokutambua, hajalala. Ulipomwita kwa lile jina la utani na asigeuke, ulifanya kipimo sahihi kabisa bila kufundishwa, na ulikisoma vizuri.

Kilichowapoteza jioni ile kinawapoteza hata watu wa kazi yangu. Ni kweli kwamba baada ya degedege mtoto hulala, na usingizi huo unaweza kuwa mzito. Lakini usingizi huo una mwisho. Degedege la homa la kawaida, lile linalowapata watoto kati ya miezi sita na miaka mitano, hupita kwa dakika chache, na kwa kawaida ndani ya nusu saa mtoto amekwisha kuamka na kumtambua mama yake. Nusu saa ikipita tangu mwili utulie na bado hawezi kuamshwa, sisi waganga tunaacha kuuita usingizi, tunaanza kufikiria malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, au sukari iliyoshuka. Na kuna jambo ambalo macho hayalioni kwa urahisi: mwili unaweza kutulia huku degedege likiendelea ndani ya ubongo, likijionyesha kwa kope zinazochezacheza, kidole gumba kinachodundadunda, jicho linalovutwa upande mmoja, mate yanayotiririka. Kwa hiyo msipime utulivu wa mwili, pimeni kuitikia. Zaidi ya hayo, kwetu huku mtoto yeyote mwenye homa aliyepatwa na degedege apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ameamka na anacheka, akapimwe malaria; na degedege likipita dakika tano bila kukoma, mnaondoka nalo likiendelea.

Naja kwenye ile « ishirini na nane ». Ilikuwa sukari ya damu, miligramu 28 katika desilita moja, ilhali chini ya 45 tunahesabu kwamba ni hatari (kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali tunaanza kuogopa chini ya 54). Ubongo wa mtoto hutumia sukari nyingi sana kuliko ukubwa wa mwili wake unavyoweza kukufanya ufikiri, na akiba iliyomo katika ini lake ni ndogo. Mtoto mwenye malaria kali ambaye hajala kutwa nzima anachomwa pande tatu: homa inatumia sukari, vimelea vyenyewe vinakula sukari, na ini lililochoka linashindwa kutengeneza nyingine. Uji wa soya uliosukumwa kwa mkono mchana ule ulikuwa dalili ya kwanza ya hadithi yote, na ninaomba kila mzazi anayesoma hapa aihesabu siku ya kukataa chakula na kinywaji kuwa dalili ya hatari sawa na homa yenyewe. Ndiyo maana wauguzi walikimbia. Kila mtoto anayefika akiwa haitikii anapaswa kutobolewa kidole mara moja. Mahali ambapo kifaa cha kupimia hakipo, apewe sukari kana kwamba imeshuka, kwa sababu kuipa bila sababu hakudhuru kama kuichelewesha. Hospitalini hupita kwenye mshipa, mililita 5 za glukosi ya asilimia 10 kwa kila kilo ya mtoto, halafu hupimwa tena, maana hupanda na kushuka tena usiku uleule.

Na nyumbani, au njiani kutoka Kadutu mpaka hospitali? Hapa kuna jambo dogo ambalo ningependa liandikwe kwenye ukuta wa kila jikoni. Chukua kijiko kimoja cha chai cha sukari ya kawaida, kisawazishe kisijae kilele, kilowanishe kwa tone moja au mawili ya maji mpaka kiwe kama ugali mzito, na uuweke chini ya ulimi wa mtoto aliyelazwa ubavu, kidogo kidogo, kwa kidole kisafi. Baada ya dakika kumi hadi ishirini unarudia. Si maji ya sukari kikombeni, si soda, si chai, kwa sababu mtoto asiyeitikia hawezi kumeza na kinachomiminwa kitakwenda mapafuni. Usifanye hivyo wakati meno yamekazana au degedege linaendelea. Wala usikae nyumbani kusubiri uone kama sukari imesaidia. Ipe mkiwa mnaondoka.

Umeuliza kama mliyoyafanya yalimdhuru. Nitakujibu kitu kwa kitu, kwa kuwa naona ungependa ukweli kuliko faraja. Kitunguu hakikumdhuru. Maji baridi yalimtetemesha bure. Kumvua nguo nzito kunatosha. Kijiko ni hatari ya kweli: ulimi haumezwi, lakini jino huvunjika na kipande chake huingia kooni, na mtoto anaweza kutapika akiwa amezibwa. Mtu wa degedege hulazwa ubavu mahali pasipo na mawe wala moto, mdomo ukielekea chini ili mate na matapishi yatoke, nguo za shingoni zikilegezwa, na mtu mmoja akitazama saa. Maji ya kikombe saa sita usiku yangeweza kumletea nimonia. Alikohoa, na kule kukohoa kulimwokoa. Kitu kingine ambacho hukukitaja kama kosa, kwa sababu kila mama wa huku hukifanya, ni kumfunga mgongoni kwa kitenge. Mtoto mwenye fahamu hushika shingo yake mwenyewe. Asiye na fahamu, kichwa huanguka mbele, kidevu hugusa kifua, na njia ya hewa hujikunja kama bomba la plastiki. Kwenye pikipiki mbebe mbele yako mikononi, kichwa kikilala juu ya kiwiko chako, uso umegeuzwa kando, kidevu kimeinuliwa kidogo, na usikilize pumzi yake njia nzima.

Kuhusu kile kituo cha kwanza, sitetei kilichotokea. Ila nataka wazazi wajue kuna maneno yanayofungua mlango na maneno yanayokupeleka kwenye benchi. Ulisema mtoto ana homa, na homa inasubiri zamu. Sema, « Mtoto wangu haamki nikimwita », useme hivyo kwa sauti, mlangoni, kabla ya kuulizwa jina. Kila muuguzi aliyefundishwa kupokea watoto anajua kwamba koma, degedege, kushindwa kupumua, mikono iliyopoa na mapigo dhaifu, na upungufu mkubwa wa maji mwilini havisubiri foleni wala karatasi.

Malaria siyo chanzo pekee, na siwezi kuliacha hili ingawa kwa mwanao safari ya Uvira iliielekeza njia wazi. Bukavu iko juu, yapata mita 1,500, na mbu wa malaria ni wachache kuliko bondeni. Mtoto aliyekulia hapa hushuka kwenye tambarare ya Ruzizi, upande wa Uvira, akiwa na kinga hafifu, naye huugua vibaya kuliko binamu zake wa kule. Alale ndani ya chandarua kila usiku akiwa huko, na homa yoyote inayomshika katika majuma yanayofuata kurudi kwake ipimwe siku ya kwanza. Lakini mtoto aliyekutwa haamki asubuhi katika chumba kilichofungwa ambamo babula, yaani jiko la makaa, ililala ikiwaka, huyo amevuta hewa yenye sumu: mtoeni nje kwanza, kisha watazameni wote waliolala naye. Wasomaji wetu wa Goma wanawajua vyema mazuku, ile gesi nzito ya volkano inayotulia mabondeni na kwenye mashimo, ambayo humwangusha mtoto kabla ya mtu mzima kwa sababu pua ya mtoto iko karibu na ardhi. Asishuke mtu kumfuata kwa kuinama, maana wengi wamefia juu ya waliokwenda kuwaokoa. Aliyekunywa mafuta ya taa au dawa ya panya asitapishwe, na chupa iletwe pamoja naye. Aliyeanguka, akazungumza vizuri, kisha akaanza kusinzia na kutapika, huyo ni wa kukimbizwa, hata kama kichwani hakuna jeraha.

Sasa sindano ya mgongo. Simhukumu mume wako; alimwona mtoto wa ndugu yake akichomwa leo na kuzikwa kesho, na moyo wa mzazi hauhesabu zaidi ya hapo. Lakini sindano hiyo hupelekewa watoto walio wagonjwa kuliko wote, na wanapofariki, ni ugonjwa uliowaua. Inaingia chini, usawa wa kiuno, mahali ambapo uti wa neva umekwisha kumalizika juu yake, hivyo haiwezi kuuchoma. Inachukua matone machache ya maji yanayozunguka ubongo. Maji hayo yakiwa maangavu kama ya chemchemi tunapumua. Yakiwa na ukungu, mtoto ana homa ya uti wa mgongo. Daktari mwenyewe huiahirisha akiona dalili kwamba shinikizo kichwani limepanda mno, kwa mfano mboni za macho zisizolingana, au mtoto akiwa hoi mno, na wakati huo antibiotiki huanza bila kungoja.

Kwa nini isitoshe kwamba kipimo cha malaria kilionyesha ndiyo? Kwa sababu katika nchi zetu mtoto anaweza kuwa na vimelea vya malaria katika damu huku kinachomuua kikiwa kingine. Mwaka 2004 watafiti wa huko Blantyre walichapisha matokeo ya uchunguzi wa miili ya watoto 31 waliofariki wakiwa wametajwa kuwa na malaria ya ubongo. Saba kati yao walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine. Ninaikumbuka namba hiyo kila ninapoketi na baba anayetikisa kichwa kukataa. Kwa mwanao, kukataa kulimaanisha kwamba madaktari walilazimika kutibu magonjwa mawili kwa pamoja bila kujua ni lipi, na walifanya vizuri kumaliza siku zote kumi za antibiotiki. Kulimaanisha pia jambo lingine ambalo nitalirudia hivi punde.

Juu ya sindano za malaria mwambie mume wako, kama ni mmoja wa wale wanaoamini kwamba dawa ya kweli ni kinini ya seromu, kwamba artesunate, dawa ya sindano inayotolewa siku hizi kwa malaria kali, ndiyo iliyoshinda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Kongo yetu ikiwemo, ulionyesha kwamba vifo vilipungua kwa asilimia 22.5 ukilinganisha na kinini. Ina tabia moja ya kufuatiliwa: kwa watoto wachache damu huvunjika na kupungua siku saba au zaidi baada ya matibabu, hata majuma kadhaa, wakati kila mtu amekwisha kusahau. Mwanao bado yuko karibu na kipindi hicho. Tazama viganja vyake, ndani ya midomo na ndani ya kope. Vikiwa vimepauka, au mkojo ukiwa mweusi kama kokakola, mrudishe bila kusubiri. Hata kama huoni kitu, aende apimwe wingi wa damu juma hili.

Ninafika kwenye swali linalokunyima usingizi. Watoto wengi wanaopona malaria ya ubongo hurudi kama walivyokuwa, lakini si wote. Watafiti wa Uganda waliowafuata watoto hao kwa miaka miwili waliwakuta karibu mmoja kati ya wanne akiwa na upungufu fulani wa kufikiri, kukumbuka au kuwa makini, na wengine hupatwa na kifafa miezi au miaka baadaye. Nakwambia hili ili usifumbiwe macho na mtu atakayekwambia kwamba kwa kuwa anakimbia, basi yamekwisha. Mtoto anayekasirika upesi na kupoteza wimbo mwezi mmoja baada ya koma hana utundu. Ubongo wake unajikarabati. Zungumza naye sana, uso kwa uso, kwa maneno machache. Mwimbie huo wimbo mwenyewe bila kumlazimisha aurudie. Mwalimu wake aelezwe kilichotokea kabla hajamchapa kwa kutosikiliza.

Lakini lipo jambo moja katika barua yako ambalo kwangu ni zito kuliko mengine yote. Umesema, akiwa amekupa mgongo, hageuki. Hukusema kwamba hakuelewi ukiwa mbele yake. Mama, huenda tatizo haliko katika akili bali katika masikio. Homa ya uti wa mgongo ni mojawapo ya magonjwa yanayoongoza kwa kuharibu usikivu wa watoto, na kwa kuwa maji ya mgongo hayakupimwa, hatuwezi kusema hakuwa nayo. Hili ndilo lile jambo nililosema nitalirudia. Mtoto asiyesikia vizuri hukasirika, huacha kuimba, huonekana mkaidi au mzito wa akili, na watu humwita mwenye mapepo ilhali hajasikia alichoulizwa. Usikivu wake upimwe na mtaalamu wa masikio mapema iwezekanavyo, kwa sababu baada ya ugonjwa huo sikio la ndani linaweza kuziba taratibu kwa mfupa, na msaada unaotolewa mapema ndio unaofaa.

Kuhusu mama mkwe wako, mheshimu, na usibishane naye kuhusu mapepo. Mtu aliyeona macho ya mjukuu wake yakigeuka ana haki ya kutafuta jina la kitisho hicho, na jina alilorithi ndilo hilo. Mwombe awe mshirika: yeye ndiye aliyeko nyumbani mchana, yeye ndiye atakayeona kwanza uso uliopauka au kope inayochezacheza, na yeye anafaa kuwa wa kwanza kujifunza ile sukari ya chini ya ulimi. Maombi yafanyike nyumbani, mtoto akiwa ameshiba. Katika kufunga sitakubaliana na mtu yeyote, awe mchungaji au nani: mtoto wa miaka minne ambaye mwezi mmoja uliopita sukari yake ilishuka mpaka 28 asifungishwe siku tatu, wala siku moja, wala kulala bila kula usiku mmoja.

Kesho asubuhi, kabla ya makelele ya barabarani, mweke akicheza sakafuni huku mtu mmoja akimtazama usoni bila kumsemesha. Wewe simama nyuma yake hatua tatu, mahali ambapo kivuli chako hakimfikii, ukitikise kwa upole kifungu cha funguo upande wa kulia, kisha usubiri, kisha upande wa kushoto. Halafu mnong'oneze lile jina la utani. Yule anayemtazama akwambie kama macho yaliacha mchezo hata kidogo, na ni kwa upande upi. Nenda na jibu hilo kwa daktari wa masikio, awe aligeuka au hakugeuka, na uniandikie.